Kwa nini muuzaji wako wa India huhesabu siku za malipo yako: uzi kuhusu marejesho ya ushuru wa forodha kwa wanaouza nje

Karani wa Bandari (mleta uzi)

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote. Kwa miaka 6 nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha huko Navi Mumbai, mwendo mfupi kutoka bandari ya Nhava Sheva, na kazi yangu kubwa ilikuwa kufuatilia fedha ambazo serikali ya India huwarudishia wanaouza bidhaa nje ya nchi. Tangu nirejee Dar es Salaam, wafanyabiashara wanaonunua huko huniuliza jambo moja kwa maneno tofauti: kwa nini muuzaji aliyekuwa mpole wakati wa kupatana bei hugeuka mkali miezi 7 au 8 baada ya meli kuondoka, ilhali salio lililobaki ni dogo na mmefanya biashara miaka mingi? Jibu ni kwamba sehemu ya faida yake ameshaipokea kutoka serikalini kwa sharti, na sharti lenyewe limo mikononi mwako wewe mnunuzi.

Msingi wa jambo hili ni kifungu cha 75 cha Sheria ya Forodha ya India ya mwaka 1962. Wazo lake ni la zamani na lipo katika nchi nyingi, pamoja na sheria ya forodha ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki: ushuru wa bidhaa zinazoingia umekusudiwa kumwangukia mlaji wa ndani, kwa hiyo kiwanda kilichoagiza rangi, nyuzi au vifungo kutoka nje, kikavigeuza kuwa shati, na shati hilo likauzwa Mombasa, hakipaswi kuubeba ushuru huo ndani ya bei yake. Serikali huupokea ushuru malighafi zinapoingia na kuurudisha bidhaa inapotoka. Mawakala wa huko huyaita marejesho haya drobaki, nami nitalitumia neno hilo hilo ili tusiyachanganye na marejesho ya aina nyingine.

Ugumu huanzia kwenye hesabu. Hakuna ofisi duniani inayoweza kukaa na kupima ni gramu ngapi za rangi ya kigeni zimo katika kila kanga iliyokunjwa ndani ya kontena. India iliamua kutumia wastani: serikali hutoa jedwali la viwango kwa aina za bidhaa, kila kiwango kikiwa asilimia ya bei ya FOB, yaani thamani ya bidhaa ikiwa imeshapakiwa melini kabla ya nauli na bima, na bidhaa nyingi huwekewa pia kikomo cha rupia kwa kipande au kwa kilo. Nitoe mfano wa kubuni: kama kiwango ni asilimia 3, na mashati 1,000 yana thamani ya rupia 1,000,000, hesabu ya asilimia inatoa rupia 30,000, lakini kama kikomo ni rupia 25 kwa shati, muuzaji atapata 25,000, kwa sababu hulipwa kiasi kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Anayetumia jedwali hatakiwi kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe aliagiza chochote. Ndiyo maana mchapishaji wa kanga wa Jetpur, katika jimbo la Gujarat, anayenunua pamba ya India na rangi katika duka la jirani, naye hulipwa. Wastani umeshachukulia kwamba mahali fulani nyuma yake kuna mtu aliyelipa ushuru.

Ambaye bidhaa yake haimo katika jedwali huomba kupangiwa kiwango chake mwenyewe chini ya kanuni ya 6 ya Kanuni za Drobaki za 2017, ambazo zilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2017 na kuchukua nafasi ya zile za 1995. Ambaye bidhaa yake imo lakini jedwali linampunja, yaani linampa chini ya asilimia 80 ya ushuru uliolipwa kweli, hutumia kanuni ya 7. Njia zote mbili zinataka hesabu za malighafi zilizopangika, na ombi liwasilishwe ndani ya miezi 3 tangu siku forodha ilipotoa ruhusa ya kusafirisha, ingawa nyongeza ya muda hupatikana kwa ada na kwa sababu za msingi. Wazalishaji wadogo wengi niliowahudumia waliziogopa hesabu hizo wakabaki na jedwali, hata pale walipojua kwamba wanapunjika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nililiona kila wiki. Fedha nyingi za drobaki hupotea siku ya kusafirisha, mzigo ukiwa bado nchi kavu, kabla hata dai halijafika mezani kwa afisa. Katika mfumo wa kielektroniki wa India, hati ya kusafirisha nje ndiyo dai lenyewe. Hakuna barua nyingine utakayoandika baadaye ukieleza masikitiko yako. Ukiijaza hati hiyo kama ya mzigo usiodai chochote, ukakosea namba ya bidhaa katika jedwali, au ukatoa maelezo ya kitambaa yasiyolingana na ankara, umejifungia mlango mwenyewe. Kifungu cha 149 kinaruhusu marekebisho baada ya mzigo kuondoka, lakini kwa ushahidi wa maandishi uliokuwapo tayari wakati wa kusafirisha, si karatasi zilizotengenezwa mwezi uliofuata. Mteja wetu mmoja, mwenye karakana ya mifuko ya ngozi, alipoteza drobaki ya kontena 4 kwa sababu kijana wa ofisini kwetu alichagua aina ya hati isiyostahili, nasi tuliandika barua mpaka kalamu zikakauka. Kijana huyo, niseme ukweli, ni mimi.

Hatua inayofuata haimo kabisa mikononi mwa muuzaji. Meli ikishaondoka, wakala wa meli huwasilisha manifesti, yaani orodha ya shehena yote iliyotoka, na mfumo huilinganisha na hati ya kusafirisha: namba ya hati, namba ya kontena, idadi ya vifurushi. Tarakimu moja ikipishana, dai husimama. Kwa mizigo inayofungwa katika vituo vya kontena vya bara, kisha ikasafirishwa kwa treni hadi Mundra au Nhava Sheva, kuna manifesti ya kituo na ya bandari, na zote mbili lazima zikubaliane. Kila kitu kikikaa sawa, fedha huingia moja kwa moja katika akaunti ya benki iliyosajiliwa forodhani. Kifungu cha 75A kinasema kwamba serikali ikichelewa zaidi ya mwezi 1 tangu dai kuwasilishwa, italipa riba, nayo imekuwa asilimia 6 kwa mwaka. Dai lenye kasoro, hata hivyo, hurudishwa na orodha ya kasoro zake, na mwezi huo huanza kuhesabiwa upya dai linaporudi likiwa kamili.

Hapa ndipo unapoingia wewe wa Kariakoo. Drobaki hulipwa kabla mnunuzi hajalipa, lakini kanuni ya 18 inasema kwamba fedha za mauzo zisipoingia India ndani ya muda uliowekwa chini ya sheria ya fedha za kigeni ya 1999, muda ambao kwa miaka mingi ulikuwa miezi 9, drobaki hiyo hudaiwa irudi. Na ikidaiwa, riba inayotozwa ni ile ya kifungu cha 28AA, asilimia 15, kuanzia siku fedha zilipolipwa. Serikali ikichelewa, 6. Mfanyabiashara akichelewa, 15. Kwa hiyo anayekupigia simu mwezi wa 8 tangu meli iondoke hadai salio lake peke yake.

Mama Kanga

Karani, nakushukuru, maana hilo la miezi 9 limenifumbua macho. Nina swali ambalo huenda wengine wanaona haya kuliuliza. Msambazaji wangu wa Surat aliwahi kuniomba nikubali ankara iandikwe dola 52,000 ilhali mali ni ya dola 38,000, akisema kwamba tofauti hiyo nisiilipe, yeye ataipanga mwenyewe kupitia mtu wake wa Dubai, na kwamba "serikali yetu hutupa kitu kidogo kwa kila dola". Nilikataa kwa sababu ya ushuru wa huku kwetu, lakini sikuelewa kitu kidogo hicho ni nini. Je, ndiyo drobaki hii?

Karani wa Bandari

Ndiyo yenyewe, dada, pengine pamoja na motisha nyingine zinazohesabiwa kwa asilimia ya bei ya FOB. Kwa kuwa kiwango ni asilimia ya thamani iliyotamkwa, mwenye tamaa huikuza thamani. Ndiyo sababu ya vile vikomo vya rupia kwa kipande, na ndiyo sababu kanuni ya 9 inazuia drobaki kuzidi theluthi 1 ya bei ya bidhaa hiyo sokoni. Kifungu cha 76 nacho kinakataza kabisa kulipa pale ambapo bei ya soko ni ndogo kuliko drobaki inayodaiwa, sharti ambalo lisingeandikwa kama hakuna mtu aliyewahi kujaribu.

Mahakama ya Juu ya India ililizungumzia jambo hili mwaka 2003 katika shauri la Om Prakash Bhatia, lililohusu nguo zilizotamkwa kwa bei iliyokuzwa ili kupata drobaki kubwa. Iliamua kwamba bidhaa inayosafirishwa bila kutimiza masharti ya kutamka thamani ya kweli huhesabiwa kuwa bidhaa iliyokatazwa, na hivyo inaweza kutaifishwa na mwenyewe kutozwa faini. Maana yake ni kwamba kesi ya msambazaji wako haingeishia kwenye kurudisha kilichozidi. Mzigo wako ungeweza kuzuiliwa Nhava Sheva, huku wewe Dar es Salaam ukiwa umeshalipa malipo ya awali. Ungekubali, ungelipa ushuru na kodi kwa dola 52,000 hapa bandarini, na kama forodha ya huku ingeomba uthibitisho wa malipo ya benki ungekuwa nao wa dola 38,000 tu. Ulifanya vyema kukataa.

Hesabu Sahihi

Mleta uzi ameeleza vizuri, lakini naomba kuongeza sehemu moja ambayo wasomaji wataivuruga. Nilisomea uhasibu Pune na nimefanya ukaguzi wa kampuni kadhaa zinazouza nje. Wengi wanadhani drobaki inarudisha kodi zote. Sivyo. Kodi ya bidhaa na huduma ya India, GST, ilianza tarehe 1 Julai 2017, na tangu tarehe 1 Oktoba mwaka huo jedwali la drobaki limebaki kimsingi na ushuru wa forodha peke yake. GST ina njia yake ya kurudi. Mauzo ya nje hutozwa kiwango cha sifuri chini ya kifungu cha 16 cha sheria ya GST ya mauzo kati ya majimbo, na muuzaji huchagua: ama asafirishe kwa hati ya ahadi bila kulipa kodi kisha aombe kurudishiwa kodi aliyolipa kwenye manunuzi, ama alipe kodi kwenye ankara ya mauzo ya nje kisha arudishiwe.

Kwa wanaochagua njia ya pili, kanuni ya 96 ya kanuni za GST huihesabu hati ya kusafirisha kuwa ndiyo ombi, na forodha ndiyo inayolipa. Hapo ndipo wengi walipokwama mwaka 2017 na 2018: ankara iliyoandikwa katika ritani ya GST ilikuwa na namba tofauti na ile iliyoandikwa kwenye hati ya kusafirisha, mara nyingi kwa sababu ya alama moja ya mkwaju (/) au sifuri iliyotangulia, na mfumo ukatoa alama ya kosa SB005. Nilimwona mzee mwenye kiwanda cha bakuli za chuma akiitamka "es-bii-sifuri-sifuri-tano" kwa uchungu kama anavyotajwa jini.

Na kulikuwa na kundi lililoumia zaidi. Kati ya Julai na Septemba 2017 jedwali lilikuwa na viwango viwili, cha juu na cha chini, na aliyechukua kile cha juu alinyimwa marejesho ya GST, hata kama tofauti yenyewe ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na GST aliyolipa. Bodi ya forodha ilitoa waraka mwaka 2018 ikikataa wasibadilishiwe. Mahakama Kuu ya Gujarat, katika shauri la Amit Cotton Industries la mwaka 2019, ilisema kwamba waraka wa Bodi hauwezi kuishinda kanuni iliyotungwa chini ya sheria, na ikaamuru mlalamikaji alipwe GST yake. Kwa mwanafunzi wa sheria za kodi, sijui shauri linalofundisha vizuri zaidi tofauti kati ya kanuni na waraka.

Karani wa Bandari

Hesabu Sahihi, nakubali nyongeza hiyo kwa mikono miwili. Nilikuwa pale wakati wa SB005 na sitaki kuukumbuka mwaka ule.

Mkorosho wa Mtwara

Mimi niko upande wa pili wa biashara: tunauza korosho ghafi, na sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania imekuwa ikienda India kubanguliwa, hasa Kollam katika jimbo la Kerala, kisha viini husafirishwa kwenda nchi nyingine. Nilisikia kwamba India iliweka ushuru kwenye korosho ghafi, na wanunuzi wakautumia kama sababu ya kutupunguzia bei mnadani. Kama wanarudishiwa ushuru huo wanapouza viini nje, kwa nini watukate sisi?

Karani wa Bandari

Swali lako ni zuri kuliko unavyofikiri, kwa sababu linaonyesha kwamba drobaki si njia pekee. Ni kweli kwamba bajeti ya India ya 2016 iliweka ushuru wa asilimia 5 kwenye korosho ghafi iliyokuwa ikiingia bure, na bajeti ya 2018 ikaushusha hadi asilimia 2.5. Mbanguaji anayeuza viini nje ana njia mbili. Anaweza kulipa ushuru, kubangua, kusafirisha, kisha kudai drobaki. Au anaweza kupata kibali cha awali kutoka idara ya biashara ya nje, akaingiza korosho bila kulipa ushuru kwa ahadi ya kusafirisha kiasi fulani cha viini, kwa kawaida ndani ya miezi 18. Hawezi kupata vyote viwili: kanuni ya 3 ya Kanuni za Drobaki inakataza drobaki kwa malighafi ambayo ushuru wake haukulipwa. Kwa hoja hiyo hiyo, mzigo ulioingia bila ushuru kwa kutumia cheti cha asili cha nchi yenye upendeleo wa kibiashara hauna cha kurudishwa.

Kuhusu bei ya mnadani, nitatoa maoni yangu kama mtu aliyeona vitabu vyao. Mbanguaji anayeuza nje kwa kibali cha awali haumizwi na ushuru huo ila kwa gharama za dhamana na za kufunga ahadi yake. Anayeumia kweli ni yule anayeuza viini ndani ya India, na soko la ndani la India ni kubwa mno. Mnunuzi akikwambia kwamba ushuru unamkata, muulize viini vyake vinakwenda wapi. Akisema Ulaya au Marekani, hoja yake ni dhaifu.

Msomi wa Sheria

Ndugu wana jukwaa, nimefuatilia mjadala huu kwa makini na ningependa kuonya kuhusu mchanganyiko wa maneno. Drobaki ni kitu kimoja. Kurudishiwa ushuru uliozidi chini ya kifungu cha 27 cha Sheria ya Forodha ni kitu kingine kabisa. Kifungu cha 27 kinamhusu aliyelipa zaidi ya alichopaswa kulipa, kwa mfano kwa kutumia kiwango kisicho sahihi. Ombi lake hupelekwa ndani ya mwaka 1 tangu siku ya malipo, isipokuwa alilipa huku akiandikisha pingamizi, na ni lazima athibitishe kwamba mzigo wa ushuru huo hakuuhamishia kwa mteja wake. Asipothibitisha, fedha hazirudi kwake bali huingia katika Mfuko wa Ustawi wa Walaji. Msingi huo uliimarishwa na Mahakama ya Juu, majaji 9 wakiketi pamoja, katika shauri la Mafatlal Industries mwezi Desemba 1996. Drobaki ya vifungu vya 74 na 75 imetolewa nje ya sharti hilo kwa maneno ya kifungu chenyewe, na ni haki, kwa kuwa kurudishiwa ndiko kunakomwezesha muuzaji kutoa bei nafuu.

Kuna mtego mwingine. Mwaka 2019, katika shauri la ITC, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ombi la kurudishiwa haliwezi kupokelewa kama makadirio ya ushuru, hata yale ambayo mwagizaji alijikadiria mwenyewe, hayajabadilishwa kwanza kwa rufaa au kwa njia nyingine ya kisheria. Yaani, ukijikadiria vibaya, huwezi kwenda moja kwa moja dirishani ukasema nilikosea nirudishieni. Sharti kwanza uyabatilishe makadirio yako mwenyewe. Naona uamuzi huo ni mkali kwa mfanyabiashara mdogo, ijapokuwa mantiki yake inaeleweka, kwani bila hivyo afisa wa marejesho angegeuka kuwa hakimu wa rufaa.

Na aliyekataliwa drobaki asipotee njia. Rufaa ya kwanza huenda kwa Kamishna wa Rufaa ndani ya siku 60. Baada ya hapo mazoea yatamsukuma kwenye Baraza la Rufaa za Forodha, lakini kifungu cha 129A kinalinyima Baraza hilo mamlaka juu ya drobaki. Mlango ulio wazi ni ombi la mapitio kwa Serikali Kuu chini ya kifungu cha 129DD, ndani ya miezi 3. Wapo waliogonga mlango usio wao wakasikilizwa miaka miwili kisha wakaambiwa waende kwingine.

Fundi Mitambo, Kampala

Samahani kwa kuingilia. Msomi amekitaja kifungu cha 74 akakipita. Tunanunua mtambo wa uchapishaji kutoka kampuni ya Chennai, mtambo wenyewe ulitoka Ujerumani, wakautumia mwaka 1 na miezi kadhaa. Wanasema bei wanayotupa inategemea wakirudishiwa ushuru. Hiyo inawezekana kwa kitu kilichokwisha kutumika?

Karani wa Bandari

Inawezekana, ila kwa kupungua. Kifungu cha 74 kinahusu kitu kilichoingia, kikalipiwa ushuru, kisha kikatoka kikiwa kile kile, bila kugeuzwa kuwa bidhaa nyingine. Kama hakikutumika, hurudishwa asilimia 98 ya ushuru, mradi kitoke ndani ya miaka 2 tangu ushuru ulipolipwa na afisa aridhike kwamba ndicho kile kilichoingia. Kama kilitumika, tangazo la mwaka 1965 ambalo limedumu hadi zama hizi linaweka ngazi: asilimia 95 kwa matumizi yasiyozidi miezi 3, 85 hadi miezi 6, 75 hadi 9, 70 hadi mwaka 1, 65 hadi miezi 15, na 60 hadi miezi 18. Baada ya miezi 18 hakuna kitu.

Kwa hiyo hesabuni miezi kwa uangalifu, na msikubali wachelewe wakisubiri meli ya bei nafuu. Kama "miezi kadhaa" ni 2, mko kwenye 65. Ikiwa ni 5, mko kwenye 60, na mwezi 1 tu umebaki kabla ya sifuri. Wahakikishe pia kwamba namba za kiwanda zilizo kwenye bamba la mtambo zimo katika hati ya kuingizia. Nimeona mtambo wa ushonaji ukikwama kwa sababu bamba lilipakwa rangi na namba haikusomeka, na afisa hakuwa tayari kuapa kwamba ndio ule ule.

Hesabu Sahihi

Kwa kuwa Mama Kanga ametaja "kitu kidogo kwa kila dola", nieleze kwa ufupi ile motisha nyingine. Kulikuwa na mpango wa MEIS uliotoa asilimia ya thamani ya mauzo ya nje bila kujali kodi iliyolipwa. Marekani iliishitaki India katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2018, na tarehe 31 Oktoba 2019 jopo likaamua kwamba MEIS na mipango mingine kadhaa ni ruzuku zilizokatazwa. India ilikata rufaa mwezi Novemba, na mwezi uliofuata Baraza la Rufaa la shirika hilo likakosa majaji wa kutosha, kwa hiyo rufaa imebaki inaning'inia. Hata hivyo India iliifunga MEIS mwisho wa 2020 na kuanzisha RoDTEP tarehe 1 Januari 2021, ambayo hurejesha kodi zilizofichika zisizorudi kwa njia nyingine, kama kodi ya mafuta ya malori na ya umeme. Hailipwi taslimu, hutolewa kama hati ya kielektroniki ya kulipia ushuru wa msingi wa forodha, na inaweza kuuzwa kwa mwingine. Drobaki yenyewe haikuwa na tatizo katika shirika hilo, mradi kinachorudishwa kisizidi kilicholipwa.

Mama Kanga

Naomba swali la mwisho. Shehena ya mwezi uliopita, robo ya kanga zilitoka zimechuja rangi. Nimedai punguzo, muuzaji anasita. Nimesema basi nizirudishe, akasita zaidi. Sasa nahisi naelewa kwa nini, lakini nisaidieni nijadiliane naye vipi.

Karani wa Bandari

Umehisi sawasawa, dada. Ukizirudisha, India itaziruhusu ziingie tena bila ushuru wa kawaida, lakini kwa sharti kwamba arudishe drobaki na motisha alizopokea kwa kiasi hicho cha mali, na atalipa nauli ya kuja na ya kurudi kwa bidhaa ambayo huenda asiiuze kwa mtu. Ukimkata kwenye salio la ankara ile ile, fedha zitakazoingia benki zitapungua kuliko thamani aliyoitamka, na kwa sehemu hiyo isiyoingia drobaki inaweza kudaiwa irudi pamoja na riba niliyoitaja.

Njia isiyomuumiza sana ni kulilipa salio la ankara hii kikamilifu kupitia benki kabla ya muda wake, na mkubaliane kwa maandishi kwamba shehena inayofuata itakuwa na bei ya chini kwa kiasi cha hasara yako, punguzo hilo likionekana wazi kwenye ankara mpya tangu siku ya kutamkwa forodhani. Mtumie picha za kanga zilizochuja, idadi ya doti na namba za marobota leo hii, kabla hujamtajia kiasi unachodai, na usilipe salio mpaka awe ametia sahihi makubaliano hayo.